Jalada la Wiki ya Sita

Mzee Msabaha tulimwita Mdachi siku za mwanzo, naye siku za mwanzo alikasirika. "Mdachi ni Mjerumani," alituambia. "Mimi nimekaa kwa Waholanzi, miaka kumi na tisa, Rotterdam. Mkitaka kunitania, nitanieni kwa nchi niliyokaa." Tukaendelea kumwita Mdachi, ila kisogoni, maana alikuwa mtu mzima na sisi tuna adabu zetu.

Mimi ni Fathiya, Mzanzibari wa Mlandege. Mwaka huo, 1998, nilikuwa nikinunua nguo za watoto Guangzhou. Nilipanga chumba katika hoteli moja ya Liuhua, karibu na stesheni ya treni, na kila asubuhi nilikwenda Shisanhang kubishana na wenye maduka ya jumla. Waswahili hatukuwa wengi. Tulijuana kwa majina, kwa vyumba na kwa tabia, na tabia za watu ndizo zilizotupa mazungumzo, kwani kitu kingine cha kuzungumza hatukuwa nacho. Televisheni ilikuwa ya Kichina. Simu ya nyumbani ilikula hela kuliko mtoto mchanga. Gazeti la Kiswahili ukilipata limefungiwa viatu ulilikunjua ukalisoma, hata kama ni la mwaka juzi.

Ndipo Mzee Msabaha, aliyekuwa akinunua viatu soko la Zhanxi kwa ajili ya wanawe wa Dar es Salaam, akaja na habari ya jalada.

Alikwenda Uholanzi kwa meli, akaacha ubaharia, akaajiriwa ghalani kwa watu wanaokodisha majarida. Kule, alituambia, nyumba nyingi hazinunui majarida, zinayakodi. Yanapangwa ndani ya jalada gumu, yanapelekwa nyumbani kwa mtu, anakaa nayo wiki moja, kisha yanachukuliwa kwenda nyumba inayofuata. Wa wiki ya kwanza analipa zaidi. Wa wiki ya pili anapunguziwa, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka jalada linaishia kwa kinyozi au kwa daktari, kwenye chumba cha kungojea, limechakaa pembe lakini kurasa zote zimo. Kazi yake yeye ilikuwa kuhesabu kurasa jalada linaporudi.

"Na msidhani jambo hili limeanza juzi," alisema. Alipenda sana kusema hivyo. Miaka mia mbili iliyopita, katika miji ya Waholanzi, daktari na mchungaji na mfanyabiashara walichanga fedha, wakanunua vitabu, wakaandika orodha ya majina na siku, na kitabu kikatoka nyumba hii kwenda ile kwa kufuata orodha. Aliyechelewesha alitozwa faini. Mwaka ukiisha vitabu vilipigwa mnada kati yao wenyewe, na hela zikanunua vingine. Zamani zaidi ya hapo, wauza vitabu wa Amsterdam na Leiden walibadilishana karatasi zilizochapwa, rundo kwa rundo, mnunuzi akaenda kuzitia jalada mwenyewe kwa fundi. Na vitabu vilivyopigwa marufuku kwa majirani zao vilichapwa huko kimyakimya, ukurasa wa mbele ukaandikwa jina la mji mwingine kabisa. Hapo mimi nilimpenda Mholanzi. Ni mfanyabiashara.

Ila alipotuambia kwamba kule kitabu kipya kina bei moja nchi nzima, na duka haliruhusiwi kuipunguza, tulicheka hadi mwenye mgahawa tuliokuwa tukila akatoka kutazama. Sisi tulikuwa watu wa kuamka na kulala na neno moja, tai gui le, ghali mno, tunalitupia kila kitu hata chai.

Basi jalada likaanza. Abiria wanaotoka Dar walimletea Msabaha magazeti ya wiki nzima, Wangeci wa Nairobi akachangia gazeti la kwao na majarida ya hadithi, na kila mara mzee alitia kitabu kimoja cha kwake. Vyumba vilikuwa sita. Anatory, wakala wa mizigo, alichukua wiki ya kwanza maana ana uwezo na anapenda ijulikane. Mimi wa pili. Wa tatu na wa nne walikuwa vijana wawili wa Tanga waliopanga vyumba vya jirani. Wa tano Wangeci. Wa sita Dullah.

Dullah angeweza kulipia hata wiki ya kwanza. Alikuwa na kontena lake zima wakati sisi tunachangia. Lakini mkono wake ulikuwa wa birika. "Habari si samaki, haiozi," alisema. "Nipeni mimi ya mwisho." Alikuwa kijana wa Magomeni, mcheshi, mbishi, muuza nguo za watoto kama mimi, na kwa hiyo mshindani wangu. Tulikula meza moja na kufichana maduka. Akiniona na mfuko wa sampuli alinyoosha shingo, nami nikiuona wake nilifanya vivyo hivyo. Nilimpenda kama mdogo wangu, na sikumwamini hata kidogo.

Kila Jumatatu asubuhi Mzee Msabaha alizunguka vyumba sita kwa miguu, anatoa jalada hili anachukua lile. Sheria zake zilikuwa mbili. Usicheleweshe, na usikate. Ukirudisha, alilamba kidole akahesabu kurasa mbele yako. Kukiwa na kasoro aliiandika juu ya jalada kwa kalamu ya wino pamoja na jina lako, ili wanaofuata wajue aliyeharibu ni nani. Ndivyo walivyofanya ghalani kwake, alisema.

Jumatatu ya tarehe mbili Novemba nilipokea jalada langu, na kabla sijalifungua Anatory akapiga simu chumbani.

"Umefika ukurasa wa kumi na nne?"

"Ndiyo kwanza nimelipata."

"Lile la Alhamisi. Soma, halafu nyamaza."

Nikasoma. Ilikuwa tanzia, chini kabisa, baina ya kiwanja kinachouzwa na shukrani za watu wengine. Ukoo wa marehemu Mzee Pazi wa Magomeni unasikitika kutangaza kifo cha Bi Tatu binti Kondo, kilichotokea Jumanne tarehe 20 Oktoba. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wa Kisarawe, wa Bagamoyo, na mwanawe Abdallah Pazi aliyeko Guangzhou, Uchina.

Abdallah Pazi ndiye Dullah. Bi Tatu nilimjua kwa masimulizi, kwa sababu Dullah hakuwa na siku ya kupita bila kumtaja. Mama anataka vitenge vya aina hii, mama kasema nisile vya watu. Jana yake tu nilikuwa nimemkuta kwenye ngazi za Shisanhang akigombana na laoban, mwenye duka la mashati, juu ya vifungo, anacheka peke yake.

Nikampigia Anatory. "Huyu mtoto hajui."

"Hajui. Na wasiotaka ajue ni ndugu zake wenyewe," akasema. "Simu yake wanayo. Wangetaka, wangempigia. Msiba una wenyewe, dada Fathiya, wewe na mimi ni wapita njia."

Maneno hayo yaliniingia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mtu aliye safarini hapashwi habari ya kifo barabarani. Huachwa amalize safari, arudi, akalishwe chini na mkubwa wa ukoo, apewe maji, ndipo aambiwe. Baba yangu alipofariki, kaka yangu yuko Muscat, tulimficha miezi mitano. Tulimwambia kwenye simu kwamba baba amelala, baba yuko msikitini. Aliporudi alilia, na hakutulaumu. Kwa hiyo nilidhani nimeujua mchezo.

Na yale maneno, habari ziwafikie? Niliyaona. Kila tanzia inayo. Redioni yanasomwa kila mchana kama bei za mazao, na husikii tena maana yake. Niliyapita kama mtu anavyopita salamu za mwanzo wa barua.

Kilichonishughulisha kilikuwa kitu kingine: baada ya wiki nne jalada litafika kwa Dullah, na Dullah alikuwa msomaji wa kila kitu, hadi matangazo ya viwanja. Sikutaka aikute tanzia mwenyewe, chumbani peke yake, baina ya kiwanja na shukrani. Nikatoa wembe, nikaikata tanzia ile pembe nne, nikaiweka ndani ya pasi yangu ya kusafiria. Niliona nimefanya jambo la huruma, na siku ile nilikula vizuri.

Jumatatu iliyofuata Mzee Msabaha alilamba kidole, akahesabu, akafika kumi na nne. Akanyanyua gazeti, akanitazama kupitia tundu.

"Hii nini, mwanangu?"

Ulimi wangu ukatafuta uongo ukauokota uliokuwa karibu. "Lilikuwa tangazo la bei za nguo, mzee. Za watoto. Bei za jumla za Kariakoo. Nilitaka kuzipiga hesabu."

Hakukasirika kwa sauti. Alikaa kitandani kwangu, akatoa kalamu yake. "Wewe wiki yako ni ya pili, umelipa ya pili. Lakini karatasi ni ileile ya wa sita. Yule naye anataka kusoma ulichosoma wewe." Akaandika juu ya jalada: Uk. 14, tundu. Fathiya. Tangazo la bei za nguo. Akanitoza faini yuan tano, akaenda zake.

Wiki zikapita. Dullah alikuwa akihangaika na nguo za Idi, kama mimi; Ramadhani ingeanza Desemba na mzigo wa Idi lazima uwe baharini mapema. Nilimwona kila siku. Akinisalimia nilijikuta namjibu kwa upole mno, hata siku moja akaniuliza kama naumwa. Mara mbili nilisema leo namwambia. Mara ya kwanza alikuwa na watu. Mara ya pili alikuwa peke yake, na nikazungumzia zipu.

Wiki ya tano Wangeci alikuja chumbani kwangu akicheka, jalada kwapani. Alikuwa mama wa makamo, mnunuzi wa mapazia, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili hata huku. "Kwani umeficha bei, Fathiya? Mimi hizo bei za Dar hazinisaidii, ungeniachia nisome tu."

Sijui kwa nini, nikamwambia ukweli. Kicheko kikamkatika.

"Na hajaambiwa mpaka leo?"

"Ndugu zake hawataki."

"Walikuambia hawataki?"

Nikaanza kukunja nguo za sampuli.

"Kwetu mtu huambiwa," Wangeci alisema. "Hata kama ni kwa redio, huambiwa, akaja akazika ama akakosa, lakini anajua. Mwambie leo, Fathiya. Usilale na hiyo maneno."

Nikasema kesho. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilikuwa na mzigo unapakiwa. Ijumaa nilijiambia Ijumaa ni siku njema ya kutomliza mtu. Aliye na nia ya kukimbia hakosi njia.

Jumatatu tarehe thelathini jalada likafika kwa Dullah. Jumanne, kama saa tano asubuhi, nimesimama dukani Shisanhang, gauni la mtoto mkononi, mwenye duka ananionyesha mshono, nikasikia jina langu linaitwa toka chini ya ngazi.

Dullah alipanda, jalada mkononi, jasho linamtoka. Watu wa mikokoteni walimpisha.

"Dada Fathiya, mimi nakuheshimu," alisema, na mtu akianza hivyo ujue heshima imekwisha. "Umekata bei gani?"

"Bei ipi?"

"Usinizuge. Imeandikwa hapa, mzee kaandika kwa mkono wake. Bei za jumla za Kariakoo, nguo za watoto. Wiki nne umekaa nayo! Ndiyo maana umenunua gauni za kufuma na mimi umeniacha nijaze kontena mashati. Umejua shati limeshuka, ukanyamaza, ukanitazama nanunua."

Mwenye duka aliangalia huku na huku, akadhani tunagombania gauni. Wanawake wawili wa Kichina walisimama kusikiliza lugha wasiyoijua. Dullah alikuwa anaongea kwa nguvu, na alikuwa na haki ya kuwa na hasira, ila hasira yenyewe ilikuwa imeshika kitu sicho. Mimi nami, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Nilifikiri: aondoke hivi hivi, anichukie kwa bei.

"Ninayo," nikasema. "Ipo hapa."

"Nipe."

"Tutoke kwanza nje."

"Nipe hapa hapa, kila mtu aone."

Nikafungua pasi ya kusafiria, nikampa. Akaikunjua kwa vidole vya haraka, macho yanatafuta tarakimu. Nilimtazama akisoma. Alianza juu, akarukia katikati, akarudi juu. Akasoma tena polepole, midomo inatembea. Alipofika mwisho aliinua uso akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo tarehe ngapi?"

"Moja. Desemba."

Akahesabu kwa vidole. Nilikuwa nimeshahesabu, kwa hiyo nilijua atafika wapi. Arobaini ya Bi Tatu ilikuwa Jumamosi iliyopita.

"Habari zimfikie mwanawe Abdallah," alisema. "Nimeitwa kwa jina, dada. Mji umeandikwa. Ulidhani wanamwita nani?"

"Nilidhani wanakuficha. Nilidhani wangetaka wangepiga simu."

"Simu gani? Hoteli si nilihama?"

Alihama Septemba, baada ya kugombana na wenye hoteli juu ya maji ya moto. Nilijua. Mimi ndiye niliyembebea begi moja kati ya matatu. Wiki nne nilijiambia ndugu zake wana simu yake, na siku zote hizo nilijua simu hiyo iko kwenye chumba ambamo mtu mwingine analala. Sijui niliuficha wapi ujuzi huo ndani ya kichwa changu.

Hakunitukana. Alikaa kwenye robota la nguo, akalia bila kuficha uso. Mwenye duka, mama mmoja mkali ambaye hajawahi kunipunguzia hata yuan mbili, alimletea maji ya moto kwenye kikombe.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la simu karibu na stesheni. Sikualikwa, nikamfuata, naye hakunifukuza. Dada yake mkubwa, Mwanahija, ndiye aliyepokea. Ilikuwa bado alfajiri kwao. Alizungumza kwa kupaza sauti, kama watu wanavyofanya simu ikiwa ya mbali, na nilisikia kila neno nikiwa nimesimama mlangoni mwa kile kibanda.

Mama hakuumwa siku nyingi, alisema. Walizika Jumatano. Walipiga simu hotelini siku mbili, binti wa mapokezi anajibu meiyou, meiyou, anakata, na hawakujua kama neno hilo ni hayupo au ni matusi.

"Ndipo nikawaambia tutie gazetini," Mwanahija alisema. "Wajomba walikataa, wakasema gazeti la Dar litafikaje Uchina. Nikawaambia, mwenyewe Dullah kaniandikia barua. Gazeti linawafikia, linazunguka chumba kwa chumba, halikosi hata ukurasa. Nikalipia mimi. Jumamosi kwenye hitima kila gari likisimama mlangoni nilitoka nje kutazama. Hukusoma, mdogo wangu?"

Dullah alikuwa amenipa mgongo. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha kibanda.

"Nimesoma, dada," akasema. "Gazeti lilichelewa."

Kama angenitukana pale dukani mbele ya watu wote wa Shisanhang ningeweza kulala. Hili sikuliweza. Nikanyoosha mkono, nikauchukua mkono wa simu toka sikioni mwake. Hakunizuia.

"Mwanahija," nikasema, "mimi Fathiya, hatujuani. Gazeti halikuchelewa. Lilifika mwezi uliopita, arobaini bado mbali. Nilipewa mimi kabla yake, nikaikata tanzia ya mama yenu nikaiweka."

Mita ya simu ilihesabu.

"Uliikata kwa nini?"

Majibu nilikuwa nayo mengi. Desturi nilikuwa nayo, na kaka yangu wa Muscat, na maneno ya Anatory. Yote yalikuja hadi kwenye meno, nikayaona ni ya kujipamba.

"Niliogopa kumwambia," nikasema.

"Hata mimi niliogopa," Mwanahija alisema. "Nikapiga simu siku mbili." Kisha akasema, "Nirudishie ndugu yangu," na nikamrudishia.